Mahari ya Magurudumu Mawili

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki moja tangu tumzike Obeid. Turubai limeshushwa, sufuria za msikiti zimerudishwa, na wageni wa mbali wameondoka na vyombo vyangu viwili ambavyo najua sitaviona tena. Nimebaki na nyumba hii ya Kaloleni, Kisumu, cherehani yangu, na eda ya miezi minne na siku kumi. Naandika kwa sababu nikizidi kuongea na ukuta, Safa ataacha masomo arudi kunilinda. Safa ni binti yetu wa pekee, yuko mwaka wa tatu pale Maseno. Leo alasiri nimemfukuza arudi chuoni.

Alipoondoka nikaenda nyuma ya jikoni kuitazama pikipiki. Siku ya mazishi vijana waliitoa barazani wapate nafasi ya viti. Wakaiteremsha ngazi huku wakibishana nani ashike wapi, ikawaponyoka, ikaangukia usukani. Leva ya klachi imekatika katikati. Ya breki imekatika kwenye shina kabisa, pale inapobanwa usukanini. Swichi ya taa na honi imepasuka, nyaya ziko nje. Hakuna aliyekuja kuniambia. Waliiegemeza ukutani wakaifunika kwa mkeka, wakarudi kula pilau.

Ni Honda ya mwaka wa sabini na tatu, nyekundu. Mtaa mzima unaiita pikipiki ya Obeid.

14 Aprili

Mvua. Nimeshona sare mbili za shule. Vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa tangu alfajiri.

17 Aprili

Shakir amekuja na mchele na sukari. Ni mdogo wake Obeid, anauza simu mjini. Alikaa barazani, mimi nikabaki ndani nyuma ya pazia, tukaongea hivyo. Akasema ameiona pikipiki na nisijali, ataitengeneza yeye, kaka yake hangependa ikae na usukani uliovunjika. Nililia. Nilimwombea dua mpaka akaona haya akaaga.

20 Aprili

Mvua. Umeme umepotea tangu jana.

Jumamosi, 26 Aprili

Nataka kuandika haya kabla hasira haijapoa.

Shakir amerudi na mgeni, Bwana Mureithi, mfanyabiashara wa kutoka Nyeri ambaye amekaa Kisumu miaka mingi na ana hoteli Milimani. Mtu wa heshima zake, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaizunguka pikipiki mara nne, akachuchumaa, akapiga picha. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesifu mtoto wa wenyewe:

"Mama, ikipata leva zake za kiwanda na swichi yake, hii ni ya kuwekwa ukutani pale juu ya kaunta, na taa ya kuimulika. Hizo leva nitazitafuta mimi mwenyewe. Bila hizo ni chuma tu."

Nikauliza kutoka nyuma ya pazia ni nani aliyesema inauzwa.

"Shemeji, hii ni mali ya marehemu," Shakir akasema. "Inagawanywa. Wewe uko na thumuni yako, Safa ako na nusu, na mimi niko na ile inabaki. Sheria si yangu."

Sheria naijua. Katika mali ya Obeid, Shakir ana fungu lake na silikatai. Ana fungu katika kisanduku cha vifaa, katika friji mbili zilizobaki bila kutengenezwa, hata katika saa ya ukutani. Lakini pikipiki si mali ya Obeid. Ni mahari yangu.

Baba yangu aliniuliza, kama msichana anavyoulizwa, nataka mahari gani. Dada zangu walikuwa wametaja dhahabu. Obeid alikuwa fundi wa friji asiye na hata friji, ana hiyo pikipiki tu, aliyoinunua kwa mwalimu mmoja aliyestaafu. Nikasema nataka pikipiki. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. Siku ya nikaha ufunguo ukaletwa juu ya sinia la shaba, umezungukwa na halwa, umefunikwa kitambaa cheupe. Wanawake walipofunua walipiga vigelegele huku wakiulizana kama bibi harusi ana akili timamu.

Mashahidi wa nikaha walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Osama, ambaye tulimzika zamani. Wa pili alikuwa kijana wa miaka ishirini, na ndiye pia aliyebeba sinia akanikabidhi mkononi.

Kijana huyo ni Shakir.

27 Aprili

Nimempigia Safa. Nilidhani atakasirika pamoja nami. Akaniuliza nitaifanyia nini pikipiki nikiwa na umri huu. Nikasema nitaiendesha. Akasema mashangazi watasemaje, na wenzake wa chuo wakiniona je. Nikamwambia wakiniona wanisalimie.

Obeid alinifundisha kuendesha mwaka wa kwanza wa ndoa, barabara ya kwenda Dunga, asubuhi kabla watu hawajajaa. Niliendesha mpaka nilipopata mimba ya Safa. Baadaye yeye akawa anaitumia kila siku kwenda kutengeneza friji za wachuuzi wa samaki, mpaka Luanda Kotieno kule feri inakovukia. Kila asubuhi kabla hajaiwasha alikuwa akisema, "Mama Safa, naazima." Nami namjibu, "Rudisha nzima." Ulikuwa utani wetu. Nje ya lango hakuna aliyejua.

3 Mei

Nimempata fundi. Mwanamume asiye wangu hawezi kushinda uani kwangu wakati wa eda, na sitaki kuwapa watu la kusema zaidi ya watakayosema. Jentrix hutengeneza boda boda Kondele na mimi humshonea mwanawe sare. Amekuja na ovaroli yake na mdomo wake usiotulia. Akainua mkeka, akapiga mluzi, akaniita Mama Safa kwa Kijaluo.

"Min Safa, hii kitu ni mzee kuniliko. Unataka nikuwekee za original ama za boda?"

Nikamwambia sijui, nataka za mkono wangu.

"Hiyo sijawahi sikia dukani," akasema.

6 Mei

Mvua. Mtaro umefurika mpaka ngazini. Nimeiingiza pikipiki barazani peke yangu, na nimekaa juu yake nikinywa chai.

10 Mei

Leo tumepanga vitu mezani kwenye baraza, mimi na Jentrix.

Kwanza ni leva za kiwanda. Mureithi amezipata kweli, kwa mtu wa Nakuru, akazituma kwa mkono wa Shakir zikiwa zimefungwa gazeti. Nzito, zinang'aa, ncha zake ni za mviringo vilevile kama zilizovunjika. Na swichi yake. Nilipozishika nilimwona Obeid wazi kabisa, mkono wake mkubwa na kovu la gesi kwenye kidole gumba. Nilitaka kuzibusu. Jentrix akazifunga kwa muda, akaniambia vuta klachi. Vidole viwili vya katikati viligusa ncha tu. Vile vingine havikufika. Nikavuta kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka na waya haukusogea hata robo.

Pili ni leva za boda za kawaida. Fupi kidogo, nyepesi, za aluminiamu. Vidole vitatu vinafika. Shida ni kwamba waya wa zamani una kichwa kinene kisichoingia, na Jentrix anasema ukizipinda zikaribie zinakatika.

Tatu bado haipo. Jentrix anamjua Gordon, mchomeleaji wa Kibuye, anayeweza kuchonga leva za chuma kwa kipimo changu na kuzifunga kwenye shina la boda. Lakini mashina ya boda hayakai vizuri kwenye usukani huu. Ncha za usukani itabidi zikatwe na kupindwa zije kwangu.

"Ukikata hii usukani," Jentrix akasema, "huyo mtu wa Milimani hataki tena. Haitakuwa ya ukuta. Itakuwa ya barabara tu."

Tulitazamana. Sijawahi kumpenda mtu haraka namna ile.

Nikamwambia akate.

11 Mei

Amekata. Vipande viwili vya usukani viko kwenye droo ya cherehani. Usiku kucha moyo ulinidunda kama wa mwizi, na asubuhi nimeamka nimetulia.

17 Mei

Gordon anataka kujua mkono wangu unafika wapi. Siwezi kwenda Kibuye, na Jentrix ana vidole virefu kuliko vyangu. Akasema nitume kipimo. Basi nikakanda unga wa chapati mgumu, nikauviringisha kwenye mpini wa mwiko mnene, nikaushika kama ninavyotaka kushika klachi. Alama za vidole ziliingia safi. Tukaufunika kwa kitambaa kibichi, Jentrix akaondoka nao kifuani mwa ovaroli. Nilijiona mjanja sana.

22 Mei

Leva za Gordon zimefika. Ziko karibu na usukani kiasi kwamba nikishika sina pa kuvuta. Jentrix anasema Gordon aliuliza kama pikipiki ni ya mtoto wa shule ya chekechea.

Nimekanda chapati tangu nikiwa na miaka tisa. Najua unga ukipumzika hujikunja. Na Jentrix naye amekiri alipitia kunywa chai mahali, akaukalisha kando ya jiko. Unga uliofika Kibuye haukuwa mkono wangu tena. Tumecheka mpaka jirani akachungulia ukutani kuona mjane gani huyu anayecheka. Nilipomwona nikacheka zaidi.

28 Mei

Mvua ya mawe. Nimemkasirikia Obeid siku nzima.

29 Mei

Niseme kwa nini. Jana Jentrix aliniuliza kama pikipiki ni yangu, mbona sikuiendesha miaka yote. Nikaanza kumweleza habari za mimba, za mtoto, za kazi. Akasikiliza akifunga nati. Kisha akauliza kama baada ya Safa kuanza shule mzee aliwahi kusema leo chukua wewe.

Hakuwahi. Naandika kwa wino ili nisijidanganye kesho. Obeid alinipenda, alikuwa mpole, na kila asubuhi aliazima. Lakini nje ya lango alisema pikipiki yangu. Niliwahi kumsikia akimwambia hivyo mtu wa petroli nikiwa nimekaa nyuma yake, na sikusema kitu kwa sababu nilidhani kimya ndiyo heshima. Utani wetu ulikuwa mtamu kwa sababu ulikaa ndani. Sasa yuko kaburini na mimi ndiye ninayelipia utamu huo.

Ninamkosa. Hayo mawili nayabeba pamoja na sitaki mtu aniambie nichague.

2 Juni

Kipimo kipya. Safari hii nimetumia sabuni ya mche, ile ndefu ya bluu, nimeiloweka ikalainika, nikaishika mpaka vidole vikazama, nikaiacha ikauke dirishani. Sabuni haijikunji.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Sikuvaa kipya, sikupaka wanja wala manukato. Safa amekuja tangu jana na amepika yeye. Nilikuwa na nia ya kukaa kimya siku nzima.

Baada ya swala Shakir akaja na nyama. Pikipiki ilikuwa barazani bila mkeka, ina ncha zake zilizokatwa, mashina ya boda upande huu na huu. Alisimama na mfuko wa nyama mkononi. Nilikuwa mlangoni nimejifunika, Safa yuko nyuma yangu.

Akasema nimeharibu mali ya watu. Nikamwambia nimeharibu yangu. Akasema watu wa mtaa wanaongea, mwanamke yuko eda na mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, anacheka na fundi mchana, kaka yake hajakauka kaburini. Nikamwambia eda yangu naihesabu na Mungu, na grisi inatoka kwa sabuni. Akapandisha sauti. Akasema ataenda kwa kadhi, na kule hakuna maneno ya jikoni, kule ni ushahidi.

Kisha akaniuliza:

"Uko na shahidi?"

Nikasema, "Ninaye."

"Nani?"

Nilimwangalia tu usoni, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu msiba. Yeye akaangalia nyama. Damu ilikuwa imeanza kudondoka kutoka kwenye mfuko hadi kwenye kiatu chake, akawa anaitazama kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Akaiweka kwenye ngazi akaenda.

Safa alikuwa wa kwanza kusema. Akauliza shahidi wa nini. Ikabidi nimkalishe nimweleze yote, mahari, sinia, halwa, naazima. Alisikia neno lile kila asubuhi ya utoto wake, na alidhani baba yake anaazima ruhusa ya kutoka. Akaniuliza mbona hatukumwambia. Nikamwambia nilidhani anajua, na baba yake alipenda ifikiriwe ni yake.

Akalia kidogo. Halafu akatoka barazani akashika leva ya boda, akaivuta, akaiachia.

"Lakini Mama," akasema, "si ungewaambia watu?"

Kweli ningewaambia.

8 Juni

Nyama ya Shakir tumeila. Sina ugomvi na mbuzi.

19 Juni

Leva za sabuni zimefika. Zile za chuma, nyeusi, mbaya kutazama, zimenyooka halafu zinajipinda ndani mahali ambapo kidole changu kidogo kinaishia. Nimevuta klachi. Vidole vyote vinne. Jentrix amesahau bolti mbili Kondele ikabidi arudi, lakini nimevuta klachi kwa vidole vyote vinne.

24 Juni

Asubuhi mara hamsini kushoto, mara hamsini kulia. Mkono umeanza kulegea. Cherehani pia imekuwa nyepesi.

3 Julai

Jentrix amefunga swichi na honi ya boda na kuunguza kila kitu. Pikipiki hii ni ya volti sita na vya boda vinataka kumi na mbili, na alikuwa ameunganisha betri ya boda ili "aone kama iko na moto." Ilikuwa nao. Balbu ilimulika uani kwa muda mfupi sana. Amekaa kwenye ngazi kama mtu aliyefiwa, na kwa kuwa hapa aliyefiwa ni mimi, nimempa chai. Tumekubaliana swichi yetu ya kiwanda iliyopasuka, si ile ya Mureithi ambayo nitamrudishia, itafungwa utepe na kurudishwa, kwa sababu yenyewe haina neno na kidole gumba changu kinaifikia. Si kila cha zamani ni adui yangu.

Honi tumeacha. Nitapiga kelele.

12 Julai

Bwana Mureithi amekuja peke yake. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu Aprili, maana nilishamwona ni tai anayezunguka mzoga. Amekaa barazani akaitazama pikipiki, na nikamwona akiumia kweli, kama mtu aliyekuta mti umekatwa. Nikamrudishia leva zake na swichi kwenye gazeti lilelile.

Akauliza kwa nini. Nikamwambia hazinifikii mkono, na kwamba ile ni mahari yangu.

Akaziweka leva sakafuni. Kisha akasema, "Mama, mimi niliambiwa ni ya kaka yake. Sijawahi nunua mahari ya mtu. Kwetu hata ukiombwa uiguse unakataa."

Nikamwambia asiniamini mimi. Amuulize Shakir nani alibeba sinia.

Akasema hatauliza pembeni. Siku ya kutoka eda, kama nikikubali, atakuja akae na wazee asikie mwenyewe. Alipovaa viatu akauliza kama kweli nitaiendesha. Nikamwambia aje mapema. Nadhani alitabasamu.

20 Julai

Imewaka. Nimeipiga teke mara kumi na kitu mguu ukafa ganzi, ikakohoa moshi mweusi ikawaka, na moyo wangu nao. Jirani amechungulia tena ukutani. Nikamwonyesha mkono wa grisi, nikampungia.

2 Agosti

Nimeshona kiti kipya kwa ngozi bandia ya kijani iliyobaki kwa makochi ya mteja. Mbaya sana. Naipenda.

9 Agosti

Simu ya Shakir. Wazee wawili wa msikiti watakuja Jumanne alasiri kusoma dua na kugawa mali. Akasema, "Shemeji, usilete aibu." Nikamwambia kila mtu alete yake.

Jumanne, 12 Agosti

Eda imeisha jana. Nimeoga, nimevaa dera la njano ambalo Obeid alilipenda, na nimepaka wanja mbele ya kioo taratibu. Safa alinishikia kioo.

Walikaa uani, wanaume kwenye mikeka, wanawake barazani. Bwana Mureithi alikaa nyuma kabisa karibu na tangi la maji. Dua ilisomwa, nilisema amina kwa moyo wangu wote. Kisha mzee mmoja akaanza kutaja mali. Kisanduku cha vifaa. Friji mbili. Saa ya ukutani. Cherehani wakasema ni ya mwenyewe. Pikipiki.

Nikawaomba wangoje. Nikaingia ndani, nikatoka na lile sinia la shaba. Sikuweka halwa. Niliweka ufunguo peke yake katikati, nikalifunika kitambaa cheupe, nikapita katikati ya mikeka nikaliweka mbele ya miguu ya Shakir. Nilikuwa nimejifunza hotuba nzima juu ya sheria na mahari na haki ya mwanamke. Yote ikanitoka.

Nikasema, "Siku ile ulinikabidhi wewe. Kama ulileta kitu cha kaka yako, kichukue."

Mzee akamwuliza Shakir maana ya maneno yale. Shakir alifunua kitambaa, akaona ufunguo. Ni uleule, una kipande cha mpira wa njano ambao yeye mwenyewe aliufunga ujana wake usipotee. Ana mvi sasa. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilimwonea huruma, na niliichukia huruma hiyo, lakini sikuondoka pale mbele yake.

Nilijiandaa aichukue. Nilijua kama akiichukua, nitamwacha aende nayo mpaka langoni mbele ya macho ya watu wote, na baada ya hapo aishi na mkono huo ulionipa ukaninyang'anya.

Akaanza kuongea akiwa anaangalia sinia.

"Mimi nilikaa kwa nyumba ya huyu mama miaka nne nikisoma. Nilikuwa nalala hapo barazani." Akaonyesha kwa kidole. "Kila asubuhi kaka alikuwa anasema, Mama Safa, naazima. Kila asubuhi. Mimi nilikuwa nasikia. Mtu haazimi kitu yake."

Mzee akamwuliza kama hayo ni ushahidi.

"Ni ushahidi," Shakir akasema. "Na nikaha nilisikia pia. Pikipiki ilitajwa."

Akainama akaliinua sinia kwa mikono miwili. Ufunguo ukagonga shaba. Akanikabidhi. Hakuna aliyepiga vigelegele isipokuwa Jentrix, ambaye hakujua vinapigwa lini, akapiga peke yake mpaka mwisho.

Baadaye Shakir alinikuta jikoni. Hakuomba msamaha na mimi sikumpa. Akauliza kama nimebakisha chai. Nikammiminia.

13 Agosti

Nimefika Dunga na kurudi. Injini ilizimika mara mbili, mara ya kwanza mbele ya vijana wa boda waliokuwa wamejipanga kusubiri abiria. Mmoja akasema si hii ni pikipiki ya Mzee Obeid. Nikamwambia ni yangu, mimi Saumu, na Obeid alikuwa akiiazima. Wakacheka, nikaipiga teke ikawaka, wakaacha kucheka. Breki inalia. Bila honi nimepiga kelele mara nyingi na sauti imenikauka. Ziwa lilikuwa na magugumaji mpaka ufukweni na lilinuka vibaya, na nimelitazama kwa muda mrefu nikiwa bado nimekaa juu ya kiti changu cha kijani. Nimemlilia Obeid huko, vizuri, bila mtu wa kunibembeleza.

Lakini nilitaka kuandika juu ya kutoka. Nilipoiwasha asubuhi nilijikuta nangoja. Miaka yote kulikuwa na neno kabla ya pikipiki hii kuondoka, na sasa injini inanguruma na hakuna anayesema kitu. Vidole vyangu vinne vilikuwa juu ya klachi na sikuweza kuiachia. Nikakaa hivyo kwa muda, Safa akiwa ameshika lango wazi. Nadhani aliona uso wangu akajua kinachokosekana, maana akasema kwa sauti ya baba yake kabisa, ila maneno yalikuwa yangu:

"Rudisha nzima, Mama."

Nikamwambia mimi sijaazima, nikaachia klachi.